Injini ya 2C ya Toyota: kazi inapiga, ila hedi yake haitaki mchezo na maji

Watu wengi huku Tanga wananiuliza kuhusu TownAce yangu ya dizeli, ile ya zamani yenye 2C, kama bado ni gari ya kununua saivi au ni kujitafutia kesi na mafundi. Badala ya kumjibu mmoja mmoja naona bora niandike yote hapa, maana hii injini naipenda na naifuatilia kwa karibu, na naona inasingiziwa mambo ambayo siyo yake na yale yaliyo yake kweli watu hawayasemi.

Familia ya C ya Toyota ilianza mwanzoni mwa miaka ya 80 na 1C ya cc 1839, ikaja 2C ya cc 1974, afu 3C ya cc 2184. Zote silinda nne, valvu nane, kamshafti moja juu, blok ya chuma na hedi (kile kipande cha juu kinachofunika silinda na kubeba valvu) ya aluminiamu. Ukisoma vipimo unaona kabisa ni watoto wa nyumba moja: 1C silinda ina upana wa milimita 83 na pistoni inatembea 85, kwenye 2C wakatanua upana mpaka 86 mwendo ukabaki ule ule 85, kwenye 3C wakaacha upana wakarefusha mwendo kuwa 94. Wameifunga kwenye Corolla, Carina, Corona, Caldina, LiteAce, TownAce, yani gari nyingi ndogo za Toyota za enzi hizo zilikuwa na toleo lake la dizeli. 2C isiyo na tabo (turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) nguvu yake ni farasi sabini na kitu tu, kwahiyo anayetafuta mbio asipoteze muda.

Sasa ngoja nieleze inavyofanya kazi ndani maana hapo ndo uzuri wake na ugonjwa wake vyote vimekaa. Dizeli haina plagi ya cheche, hewa inabanwa mpaka inapata moto wa kuwasha mafuta yenyewe. Kwenye 2C hewa inabanwa kama mara 23, wakati petroli nyingi za wakati ule zilikuwa mara 9 au 10 hivi. Afu dizeli hairushwi moja kwa moja juu ya pistoni kama hizi za kisasa, inarushwa kwenye kachumba kadogo kaliko ndani ya hedi. Pistoni ikipanda inaisukuma hewa iingie mle kwa tundu moja lililokaa mshazari, hewa inazunguka kwa kasi kama maji yanayoshuka kwenye tundu la sinki, noseli (kile kidude cha kupulizia mafuta) inapuliza dizeli katikati ya ule mzunguko, moto unaanzia mle mle ndani halafu unatoka kwa lile tundu kuisukuma pistoni chini. Mtu aliyeipa sifa mbinu hii ni mhandisi Mwingereza Harry Ricardo, chemba yake iliitwa Comet, miaka ya 1930 iliingia kwenye mabasi ya London, na nusu karne baadaye dizeli nyingi ndogo za magari, Peugeot, Volkswagen na wengine, zilikuwa bado zinatembea kwa wazo hilo hilo la hewa kuzungushwa kwenye chemba ya pembeni. 2C ni ya ukoo huo.

Faida ya kachumba ni kwamba hewa na mafuta vinachanganyika vizuri hata kama noseli haipulizi kwa presha kubwa. Noseli za 2C zinafunguka kwenye bar 150 hivi, hizi dizeli za kompyuta za siku hizi zinapita bar 1,000 kirahisi. Maana yake kwa mtu wa Tanga ni kwamba pampu na noseli zake zinavumilia, dizeli ikiwa na uchafu kidogo hazifi siku hiyo hiyo, na fundi pampu wa kawaida anaweza kuzifungua, kuzipima na kuzirudisha kazini. Hasara yake ni kwamba kuta za kale kachumba zinanyonya joto jingi sana. Joto hilo linapotea badala ya kusukuma pistoni, ndo maana 2C inakula mafuta zaidi ya dizeli mpya ya ukubwa huo, na asubuhi ya baridi haiwaki bila plagi za kupasha. Na joto lote hilo linaenda wapi? Linaingia kwenye hedi. Shikilia hapo hapo, nitarudi.

Barabarani sasa. Mimi kazi yangu ni kubeba, msimu ukifika machungwa ya Muheza, siku nyingine samaki wa Pangani, wikiendi vyombo vya shughuli, viti, maturubai na masufuria ya pilau. Kwenye tambarare, ukitoka Kange kwenda Segera na mzigo wa kawaida, inaenda vizuri tu kwenye 80, haihangaiki, na inakuwa imetulia kabisa. Ukilazimisha kupita 100 kelele zinakuwa kubwa na huongezi chochote zaidi ya kuchoma mafuta. Uzuri wake ni nguvu ya chini, ile ya kuanza kuondoka na mzigo kwenye mchanga au tope, unaachia klachi taratibu na gari inaondoka bila hata kukanyaga sana. Injini ya petroli ya ukubwa ule kwenye mazingira hayo inabidi uipigishe kelele.

Mlimani ni habari nyingine. Mombo kwenda Soni mpaka Lushoto ukiwa umebeba, ni gia ya pili, mara chache ya tatu, na uvumilivu. Wanaokuja nyuma watapiga honi, waache wapite. Usiibane gia kubwa ukakanyaga mpaka chini, maana hapo unaijaza dizeli ambayo haina hewa ya kuichoma, unatoa moshi mweusi na joto la moshi linapanda, na ile hedi ndo inayolipa. Shusha gia mapema, acha izunguke, maji na hewa vizunguke nayo.

Kwenye matumizi, yangu inanipa kama kilomita 11 au 12 kwa lita kwa safari ndefu na chini ya hapo mjini, Corolla ya 2C inafanya vizuri zaidi ya hapo kwa sababu ni nyepesi na haina uso mpana. Bei ya dizeli kila mtu anaijua, EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanatangaza kila mwezi na mafuta yanayoshushwa bandari ya Tanga yana bei yake, kwahiyo piga hesabu yako mwenyewe.

Kitu kingine kinachonifurahisha ni jinsi ilivyo rahisi. Hii ya pampu ya kawaida haina kompyuta, haina sensa za kukuzimisha njiani. Umeme inaouhitaji ili iendelee kuzunguka ni waya mmoja tu unaoenda kwenye kile kivalvu cha kukata mafuta juu ya pampu. Ikizima ghafla bila kukohoa, kabla hujamwita mtu, gusa huo waya kwanza, mara nyingi umechomoka au umekula kutu. Na ikikuishia dizeli porini huko Maramba usiogope, mimina dizeli, nyanyua siti (kwenye TownAce injini iko chini ya siti za mbele), utaona filta ya dizeli ina kidude cha kubonyeza juu yake. Legeza kidogo skrubu ya kutolea hewa, bonyeza, mwanzo kinakuwa laini hakina upinzani, linatoka povu, endelea tu, povu linakuwa dizeli safi na kile kidude kinaanza kuwa kigumu chini ya kiganja, kaza skrubu, bonyeza tena kidogo, piga selfu. Itakohoa, itatetemeka gari zima, itashika. Chini ya filta hiyo hiyo kuna pa kumwagia maji, na kwa hali ya hewa ya pwani maji yanajikusanya kwenye tangi, kwahiyo fungua mara kwa mara uone, maji yakifika kwenye pampu hapo uvumilivu wake umeisha.

Plagi za kupasha, ukikaa mjini Tanga unaweza kusahau kama zipo, joto letu linatosha injini iwake hata mbili zikiwa zimekufa, itatoa moshi mweupe kidogo na kutetemeka halafu itakaa sawa. Nenda Lushoto ukalale ndo utazikumbuka saa kumi na moja alfajiri. Ukinunua mpya angalia volti zilizoandikwa kwenye plagi yenyewe, kuna mfumo unaotumia za volti chache na mwingine za volti nyingi, na fundi akikufungia swichi ya kubonyeza inayopeleka volti 12 moja kwa moja kwenye zile za volti chache zinaungua zote.

Haya, hedi.

Ukisikia mtu anasema 2C ni mbovu, anaongelea hedi, na hapo sibishani naye. Chini, yani blok, krenki, pistoni, ni chuma cha maana, nimeona zimefunguliwa baada ya miaka mingi ya kazi ngumu na silinda bado zina mistari ya kiwandani. Juu ndo penye shida. Aluminiamu ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma cha blok, na vimebanwa pamoja na bolti, kila siku vinavutana. Ongeza hapo yale makachumba manne yanayopokea moto wenyewe. Nilisimama gereji moja hedi ya jamaa ikiwa chini imelazwa uso juu, fundi akaifuta masizi kwa petroli na kitambaa, akaniita, "Shehe, njoo uone hapa." Kati ya valvu ya kuingiza na ya kutoa, palipo pembamba kabisa, kulikuwa na ufa mwembamba kama uzi unakwenda moja kwa moja mpaka kwenye ukingo wa kile kidude cha chuma kinachofunika kachumba. Kwenye silinda ya pili na ya tatu, zile za katikati ambazo hupata joto zaidi, ufa ulikuwa wazi hata bila miwani. Akachukua rula ya chuma akaiweka juu ya uso wa hedi, mwanga ukapita chini yake. Hiyo imepinda na imepasuka, na huwezi kuichonga ikapona, kuchonga kunanyoosha uso tu, ufa unabaki pale pale.

Na hiyo hedi haikufa kwa uzee. Ilikufa kwa kukosa maji. Hili ndo jambo ninalotaka mtu mwenye 2C alishike kuliko mengine yote, kile kile kinachoifanya ivumilie dizeli ya hovyo ndo kinachoifanya isivumilie kabisa kuchemka. Petroli ikichemka mara moja unaweza kubahatika. 2C ikichemka mara moja vibaya, hesabu hedi.

Sasa angalia tunavyoitendea huku. Kwanza maji yenyewe. Tanga tumekaa juu ya mawe ya chokaa, mapango ya Amboni ni chokaa, kiwanda cha saruji cha Pongwe kipo pale kwa sababu ya chokaa, na visima vyetu vingi maji yake ni magumu, vya karibu na bahari yana na chumvi juu. Ukijaza hayo kwenye rejeta kila wiki, kila yakipata moto yanaacha tabaka jeupe ndani ya njia za hedi, ni lile lile la kwenye birika, na tabaka hilo linazuia joto lisitoke kwenye aluminiamu. Chumvi nayo inaila aluminiamu taratibu. Tia kulanti ya kweli iliyochanganywa na maji safi yasiyo na madini, ubadilishe kwa wakati. Kulanti ni ghali kuliko maji ya kisima, na hedi ni ghali kuliko kulanti ya miaka yote utakayokuwa na hiyo gari.

Pili, thermostati. Huku pwani fundi karibu yeyote ukimwambia gari inapanda joto, anachofanya cha kwanza ni kuitoa thermostati na kuitupa, anasema ni ya nchi za baridi. Jamani. Thermostati ya hizi Toyota ina visahani viwili. Kimoja kinafungua njia ya kwenda rejeta maji yakipata moto, na cha pili wakati huo huo kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji yanazunguka tu ndani bila kupoa. Kwenye tambarare huoni kitu, mshale uko chini unafurahi. Panda Soni na mzigo ndo utajua. Yangu nimeirudishia mpya na ni moja ya pesa nilizozitumia vizuri sana kwenye hii gari.

Tatu, hii ni ya wenye TownAce hasa: kuna paipu za chuma zinapita chini ya gari kupeleka maji ya moto kwenye hita ya abiria wa nyuma. Gari imetoka Japani, kule wanahitaji hita. Hapa hakuna anayeiwasha, kwahiyo hakuna anayeikumbuka, na upepo wa chumvi wa huku kwetu unazila zile paipu kwa nje mpaka siku moja inatoboka ukiwa njiani. Maji yanaisha kimya kimya, na mshale wa joto usiuamini maana kipimo kinapima maji, maji yakiisha kinakuwa kimekaa hewani na mshale unaweza hata kushuka. Lala chini ya gari uzikague, au mwambie fundi azikate na kuziunganisha fupi karibu na injini. Na ukijaza maji upya, fungua hita ya mbele kwenye moto wa mwisho na uinue pua ya gari kidogo, kuna hewa inanasa mle na ikibaki ni kama hujajaza.

Kuna na huu mchezo wa kukaza skrubu ya nyuma ya pampu ili gari iwe na nguvu. Gereji moja hapa mjini ilinifanyia hivo bila kuniuliza, nilipeleka pampu inavuja kidogo nikarudishiwa gari inatoa moshi mweusi kama treni, jamaa anasema amenipa zawadi. Hiyo skrubu inaongeza dizeli, haiongezi hewa. Nguvu kidogo unaipata kweli, na unainunua kwa joto la hedi. Mwambie fundi aiache ilipokuwa.

Mkanda wa taiming. 2C inatumia mkanda wa mpira, haina cheni, na mkanda huo huo ndo unaozungusha pampu ya dizeli. Kwa kubanwa mara 23 hakuna nafasi ya kucheza kati ya valvu na pistoni, mkanda ukikatika valvu zinagongwa na hapo ni ovahoo ya juu yote. Kwa kawaida unabadilishwa kwenye kilomita 100,000, ila kwa gari ya mtumba ambayo dashbodi yake hujui ilipitia mikono ya nani, ukinunua tu badilisha, pamoja na beringi zake, halafu andika tarehe kwa kalamu ya rangi juu ya kava lake. Akikuambia muuzaji "nimebadilisha juzi tu kaka", mwambie sawa, na ubadilishe.

Oili ya dizeli 15W-40, kila kilomita 5,000, na usishtuke ikiwa nyeusi siku ya pili, masizi ya chemba ndo yanafanya hivo, rangi haikuambii kitu.

Kuhusu spea, kwa nini ziko nyingi hivi? Sababu moja ni Japani kwenyewe. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alianzisha kampeni ya kupinga dizeli, alikuwa anawaonesha watu chupa ya plastiki yenye masizi meusi, na kufika 2003 Tokyo na mikoa jirani wakawa wanazuia malori na mabasi ya dizeli chafu, huku sheria za kitaifa zikibana hata magari madogo ya dizeli ya zamani kwenye miji mikubwa. Zilizokuwa bado nzima zikapanda meli. Na kuhusu moshi walikuwa na hoja, 2C sio injini safi, ukikaa nyuma yake kwenye foleni ya Barabara ya 20 unaujua, ndo maana nasema noseli zipimwe na filta ya hewa ibadilishwe, kuna watoto wanapita pembeni.

Saivi hata hivyo injini kamili za mtumba zinaanza kuwa adimu, na hedi mpya zinazokuja nyingi sio za Toyota. Kuna nzuri humo na kuna za hovyo, na ukinunua hedi ya mtumba usiilipie kabla haijapimwa kwa presha ya maji ya moto, kuangalia kwa macho hakutoshi.

Ukiwa na uchaguzi kati ya 2C na 2C yenye tabo, kwa kazi ya Tanga chukua isiyo na tabo. Tabo inaongeza nguvu nzuri tu lakini inaongeza joto pale pale palipo na ugonjwa, na zile ndo hedi zinazokufa zaidi. 3C ya kawaida ni nzuri, ina nguvu zaidi ya chini kwa ule mwendo mrefu wa pistoni, na ningeipenda kuliko zote. 3C-TE ya kwenye Noah ina tabo na pampu ya umeme, mpaka uwe na mtu anayeijua kweli hiyo pampu, achana nayo.

Kwa anayeenda kuiangalia ya kununua, nenda asubuhi na mwambie mwenye gari asiiwashe kabla hujafika. Shika injini uhakikishe ni ya baridi. Fungua mfuniko wa rejeta, maji yawe na rangi ya kulanti, yakiwa na kutu au tope la chokaa una jibu la kwanza. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, tazama mle ndani wakati mwenzako anakanyaga taratibu. Mapovu ya mwanzo yataisha, hiyo ni hewa tu. Yakiendelea kuja bila kukoma, tena yanaongezeka ukikanyaga, moshi unaingia kwenye maji, hedi imepasuka au gasketi imeungua. Kisha ikishapata moto shika hosi kubwa ya juu, ikiwa ngumu kama jiwe baada ya dakika chache tu ni habari hiyo hiyo. Vyote vikiwa sawa, hakikisha kama thermostati ipo, na ukikuta haipo punguza bei ya thermostati na ya wasiwasi wako, halafu nenda ukaijaribu kwenye kilima chochote utakachokipata, ukiwa na watu wanne ndani.